Niliacha shindano la milimani njiani, kisha nikaumia ugoko: nifidieje wiki nilizopoteza?

Swali:

"Nina miaka 36. Nimekimbia barabarani kwa miaka mitano, na nusu marathoni naimaliza bila taabu. Mwaka huu nimeingia kwenye mbio za milimani. Shindano langu la kwanza lilikuwa la kilomita 50, jumla ya kupanda mita 2,400. Kilima cha kwanza nilikipanda mbio pamoja na wenzangu wa mbele na nilijisikia vizuri. Saa tatu za mwanzo nilikula jeli mbili tu (vile vipakiti vya sukari laini vya wakimbiaji) kwa sababu sikuwa na njaa. Kilomita ya 28 nikaishiwa nguvu, nikameza jeli tatu kwa mkupuo. Baada ya hapo nilitapika mara mbili, na mapaja yakagoma kabisa kuteremka. Kilomita ya 37 nikaacha. Nilijilaumu sana. Nikapumzika siku nne, kisha nikapandisha mazoezi kutoka kilomita 45 hadi 70 kwa wiki ili jambo hilo lisinitokee tena. Wiki ya tano ugoko wa kulia ukaanza kuuma. Niliendelea kwa kumeza dawa za maumivu hadi nikashindwa. Sasa nina wiki tatu sijakimbia. Kutembea hakuniumi tena, ila nikibonyeza kuna mahali panauma. Shindano jingine la aina ileile liko wiki 16 kutoka sasa. Wenzangu wanasema nina moyo mdogo, nijikaze. Nifidieje wiki nilizopoteza? Au mwili wangu haufai kwa mbio hizi?"

Jibu:

Nianze na la haraka, maana mengine yote yanalisubiri. Usikimbie kwanza, hata kidogo, mpaka ugoko huo utazamwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anayejua majeraha ya wanamichezo. Kutembea bila maumivu ni habari njema. Lakini mahali panapouma ukipabonyeza, wiki tatu baada ya kuacha kukimbia, panahitaji jina kabla hatujapanga chochote.

Kuhusu wiki zilizopita, hazifidiwi. Nitaeleza kwa nini, na utaona kwamba hasara yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Kuhusu mwili kutofaa, sioni dalili yoyote ya hilo katika uliyoyaandika. Ninachoona ni mikasa mitatu, tumbo, mapaja na ugoko, na umeipa yote sababu moja: kwamba hukufanya mazoezi ya kutosha. Kila mmoja una chanzo chake, na hakuna hata mmoja ulioanzia pale ulipojitokeza. Tumbo lilianza kuharibika kwenye kilima cha kwanza, saa kadhaa kabla ya kutapika. Mapaja yalikosa maandalizi miezi kabla ya shindano. Ugoko nao ulianza kudhoofika wiki tatu au nne kabla ya siku uliyosikia maumivu. Anayetaka kujifunza kutokana na mkasa hana budi kurudi nyuma kwenye saa na kwenye kalenda. Akibaki kukodolea macho kilomita ya 37, ataishia kujilaumu tu.

Tuanze na mfupa. Kuna hali mbili ambazo wakimbiaji huzichanganya. Ya kwanza ni maumivu ya ukingo wa ndani wa ugoko, pale misuli na utando wake vinaposhika mfupa. Maumivu hayo huenea: ukipitisha kidole unakuta eneo la sentimita tano au zaidi linauma, na mara nyingi hupungua mwili ukishapata joto, halafu yanarudi ukishapoa. Ya pili ni ufa mdogo wa mfupa unaotokana na mzigo uleule kurudiwa mara maelfu. Huo huuma mahali pamoja, padogo, unaweza kupafunika kwa ncha ya kidole. Kadiri unavyokimbia ndivyo unavyozidi, na usipoupumzisha hufika hatua ya kukuuma hata umelala. Wewe umeandika "kuna mahali panauma". Ndiyo maana nimeanza kwa kukuzuia.

Ufa huo hutokeaje kwa mtu mwenye miaka mitano ya kukimbia? Mfupa uko hai na hujijenga upya muda wote. Ukiuongezea mzigo, seli zinazobomoa huingia kwanza na kuondoa sehemu zilizochoka, kazi ya wiki kama tatu. Baada yake ndipo seli zinazojenga hufuata, na hizo huhitaji miezi kama mitatu kujaza na kukomaza palipochimbwa. Mafundi wa barabara hufanya hivyohivyo: huchimbua lami ya zamani kwanza, na katika kipindi hicho barabara ni dhaifu kuliko ilipokuwa na mashimo yake. Wewe uliongeza zaidi ya nusu ya mzigo wako wa kawaida kwa mara moja, na malori yakaendelea kupita juu ya kifusi. Ugoko ukalalamika wiki ya tano. Hesabu inaingia sawasawa.

Kinachowaponza wengi hapa ni kwamba moyo na damu hujirekebisha upesi mno kuliko mfupa na kano. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache tu za mazoezi mapya. Pumzi inakuwa nyepesi, mapigo ya moyo yanashuka kwa mwendo uleule, na mtu anaamini mwili mzima umeshazoea. Sitashangaa ukiniambia kwamba wiki ya pili na ya tatu za zile kilomita 70 ulijisikia vizuri kuliko wakati wowote mwaka huu. Ulikuwa unasikiliza pumzi, nayo ilikuwa inasema kweli, ila haina habari za mfupa.

Dawa za maumivu zilizima kengele hiyo. Ibuprofeni na dawa za jamii yake zina hatari nyingine kwa mkimbiaji wa masafa marefu: hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati ambao figo tayari zinapata damu kidogo, na huchokoza utando wa tumbo. Usizinywe ili uweze kukimbia, na siku ya shindano usizitie kwenye begi. Parasetamoli haina hatari zilezile za tumbo na figo, lakini nayo huficha maumivu unayohitaji kuyasikia.

Ukienda kupimwa, onyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma na useme kama pako ukingo wa ndani wa ugoko au mbele kabisa, kwenye ule ubapa wa mfupa unaogusika chini ya ngozi. Tofauti hiyo ni kubwa. Ufa wa ukingo wa ndani, sehemu ya chini, kwa kawaida hupona vizuri kwa kupumzishwa. Ufa wa mbele, katikati ya ugoko, ni mkaidi na unaweza kuvunjika kabisa. Sehemu nyingine zisizotaka mzaha ni shingo ya mfupa wa paja, ambayo huuma kwenye kinena, mfupa wa katikati juu ya unyayo, na shina la mfupa wa kidole kidogo cha mguu. Fahamu pia kwamba eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu hata kama ufa upo, na wakati mwingine hata baadaye haiuonyeshi. Kipimo chenye uhakika zaidi ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. Ukiambiwa "picha ni safi" na bado panauma mahali palepale, uliza kuhusu hatua inayofuata.

Kuna swali moja ambalo pengine halitaulizwa kliniki, basi nakuuliza mimi: wakati ulipopandisha mazoezi, chakula nacho kilipanda? Mtu anayetumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza, wiki nenda wiki rudi, mwili wake hubana matumizi, na ujenzi wa mfupa ni miongoni mwa kazi za kwanza kupunguzwa. Dalili ni uzito unaoshuka bila kukusudia, mafua yasiyokwisha, usingizi mbovu na hasira za karibu. Kwa mwanamke, hedhi inayovurugika au kukosekana miezi mitatu mfululizo. Kwa mwanamume, hamu ya tendo la ndoa inayopotea. Ukijiona humo, mweleze daktari waziwazi na uombe upimwe akiba ya madini ya chuma na vitamini D. Kwa mtu wa namna hiyo, kupumzisha mguu bila kurekebisha sahani ni kuahirisha ufa mwingine.

Sasa mapaja, na hili la moyo mdogo. Unapoteremka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inakaza huku ikivutwa kurefuka, kila hatua, ikibeba uzito wako wote na zaidi. Ukazaji wa namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za msuli kuliko ukazaji wa kupanda. Watafiti waliowapima wakimbiaji kabla na baada ya mbio za kilomita 166 za kuzunguka Mont Blanc, mlima wa Ulaya, walikuta nguvu ya mapaja imepungua kwa karibu theluthi moja. Msuli uliopoteza nguvu kiasi hicho hauamshwi kwa kukemewa. Mbio hizohizo zilipoanza mwaka 2003, katika hali mbaya ya hewa, zaidi ya watu 700 walianza na 67 tu ndio waliomaliza mzunguko wote. Wale waliobaki njiani hawakuwa wote na moyo mdogo. Kujikaza kuna mahali pake: usingizi unapokulemea, mvua inapokunyeshea, kituo cha huduma kinapokuvutia ukae. Hakuna kazi kwa paja lililochanika, na kwa mfupa wenye ufa ni hatari.

Uzuri wa misuli ni kwamba hujifunza upesi kuliko mfupa. Ukiiteremsha mara moja kwa kiasi, ikauma siku mbili tatu na kupona, mara ya pili haitaharibika kiasi kile kwa mteremko uleule, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo mtu wa barabarani anayejiandaa kwa mita 2,400 za kuteremka hahitaji kilomita nyingi zaidi za tambarare. Anahitaji dozi za mteremko. Anza na mita 200 hadi 300 za kushuka kwa jumla katika zoezi moja, mara moja kila siku saba hadi kumi, ukiongeza mita 100 hadi 200 kila mara, mradi maumivu ya zoezi lililopita yameisha. Shuka kwa hatua fupi za haraka, mguu ukitua karibu chini ya kiwiliwili. Anayetupa mguu mbele na kuegemea nyuma anaongeza breki na kuyachosha mapaja mapema. Kama huna mlima karibu, ngazi zinafaa. Nyumbani, simama kwenye kipandio cha sentimita 20 na ujishushe kwa mguu mmoja polepole, ukihesabu hadi tatu, mara nane hadi 12, seti tatu kila mguu, siku mbili kwa wiki. Zoezi la kujishusha kwenye kipandio unaweza kulianza mapema, daktari akiruhusu. Mteremko wa kukimbia ndio wa mwisho kabisa kurudi, kwa sababu unaupiga ugoko kuliko kitu kingine chochote.

Tumbo lako lina kisa kizuri cha kujifunzia, maana umekieleza kwa saa. Ulipanda kilima cha kwanza kwa mwendo wa mbele. Kwa mtu wa nusu marathoni, mwendo huo hauhisiwi kuwa mkali, kwani mwili wake umezoea kuuvumilia saa moja na nusu au mbili. Lakini kadiri mwendo unavyopanda ndivyo mwili unavyochoma wanga zaidi na mafuta kidogo, na akiba ya wanga kwenye misuli na ini ni kama kilokalori 2,000 tu. Kukimbia tambarare hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, na kupanda hugharimu zaidi. Ukajazia jeli mbili ndani ya saa tatu, yaani gramu kama 50 za wanga, wakati kiwango cha chini ninachokipendekeza ni gramu 30 kwa saa na cha kawaida ni 60. Njaa haikukuambia, kwa sababu mazoezi makali huzima njaa. Kwa hiyo kilomita ya 28 haikuwa bahati mbaya.

Halafu zikaja jeli tatu kwa mpigo. Mwili ukiwa kwenye juhudi kubwa, hasa juani, damu hupelekwa kwenye misuli na ngozi, na utumbo hubaki na kidogo sana. Glukosi, aina ya sukari, hupita ukuta wa utumbo kwa njia ambayo hushindwa kupitisha zaidi ya gramu 60 hivi kwa saa. Ulimwaga gramu 70 na ushei mara moja, pengine bila maji ya kutosha. Sukari iliyobaki huvuta maji kuyaingiza ndani ya utumbo, tumbo linajaa na kucheza, na mwili unarudisha mzigo ulikotoka. Watu wengi wakifika hapo husema, "jeli hazipatani nami." Pengine zinapatana nawe vizuri tu, ila hazikuwahi kupewa nafasi.

Dawa yake ni kufundisha utumbo kama unavyofundisha miguu. Katika kila zoezi refu, anza kula dakika ya 30, njaa iwepo isiwepo, kidogo kidogo kila dakika 20. Anza na gramu 30 kwa saa kwa wiki mbili, kisha ongeza gramu 10 kila wiki moja au mbili hadi 60. Anayetaka kufika 90 lazima atumie mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, yaani sukari ya matunda, kwa sababu fruktosi hupita mlango wake mwenyewe, lakini kwa shindano lako la pili 60 zinatosha. Jeli ifuatwe na maji, isifuatwe na kinywaji kingine cha sukari. Kuhusu maji, jipime uzito kabla na baada ya zoezi la saa moja: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja iliyotoka, pamoja na uliyokunywa. Rudisha sehemu kubwa ya hiyo, usiirudishe yote, na kamwe usimalize ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Anayekunywa kupita kiasi hushusha chumvi ya damu, na dalili zake, yaani kichefuchefu, kichwa kuuma na vidole kuvimba, zinafanana mno na za aliyekaukiwa. Akianza kuchanganyikiwa au kupata degedege, ni dharura ya hospitali, na kumwongezea maji ni kumwangamiza.

Ukitapika tena siku ya shindano, usikimbilie kuacha na usikimbilie kula. Tembea dakika 10 hadi 15 hadi mapigo yashuke, tafuta kivuli, mwagia maji kichwa na shingo. Kisha onja maji kwa mafunda madogo, halafu kitu chenye chumvi, halafu sukari kidogo. Mara nyingi tumbo hurudi ndani ya nusu saa au saa moja. Likikataa hata maji kwa saa kadhaa, au ukitapika damu, shindano limekwisha kwako siku hiyo.

Katika haya yote, kazi ambayo hukuifanya baada ya shindano ilikuwa kuandika. Siku mbili za kwanza, kabla kumbukumbu haijaanza kujitetea, chukua karatasi uigawe kwa saa za mbio. Kwa kila saa andika ulikuwa kwenye mwinuko au mteremko, uliweza kuongea sentensi nzima au maneno mawili matatu, ulikula gramu ngapi, ulikunywa kiasi gani, hali ya hewa, na ulivyojisikia. Weka alama pale mambo yalipoharibika, kisha rudi nyuma saa mbili hadi tatu na ujiulize nini kilikuwa tofauti na mpango. Kwa jeraha fanya vivyo hivyo kwa wiki: rudi nyuma wiki tatu hadi sita kabla ya maumivu ya kwanza, tafuta kilichobadilika. Kilomita, mita za kupanda, viatu vipya, ardhi ngumu, usingizi, msongo wa kazini, homa. Halafu badilisha jambo moja kwa kila mkasa. Wewe ulibadilisha mzigo wote kwa sababu ya tumbo lililokosa sukari, na hapo ndipo ugoko ulipoingizwa kwenye kesi isiyouhusu.

Turudi kwenye zile wiki. Siku tano hadi saba bila kukimbia hazikupunguzii chochote cha maana. Wiki mbili hadi nne hupunguza kiasi cha maji ya damu na uwezo wa juu wa kutumia oksijeni kwa asilimia chache, wakati mwingine kumi na kitu, na sehemu kubwa hurudi ndani ya wiki kadhaa za mazoezi ya kawaida. Ulichojenga kwa miaka mitano hakijaondoka kwa wiki tatu. Baiskeli na kukimbia ndani ya maji vinaweza kukilinda, mradi haviamshi maumivu. Mwenye kutaka kufidia huchukua kilomita za wiki iliyopita na kuzibandika kwenye wiki ijayo, juu ya mfupa uleule ulioko kwenye matengenezo. Futa kabisa wiki hizo kwenye daftari lako. Mpango mpya uanzie hapo ulipo leo.

Na kipimo kibadilike. Mbio za milimani hazipimwi kwa kilomita peke yake. Waandaaji wengi hujumlisha kilomita na kila mita 100 za kupanda kama kilomita moja ya ziada. Shindano lako la 50 lenye mita 2,400 ni kama 74 kwa hesabu hiyo, na wiki yako ya kilomita 45 za barabarani ilibaki kuwa 45. Mimi hupenda zaidi kuhesabu saa za mazoezi pamoja na mita za kupanda na kushuka, kwa sababu kilomita humtia mkimbiaji wa barabarani tamaa ya kukimbiza mwendo kwenye kilima, na kwenye mwinuko mkali kutembea kwa nguvu mara nyingi ni nafuu kuliko kukimbia kwa mwendo uleule.

Sasa wiki 16. Kila kitu kinategemea jibu la daktari. Kama ni ufa, hata ule wa sehemu isiyo ya hatari, hesabu wiki sita hadi nane bila kukimbia tangu ulipopumzika, pengine zaidi, na kurudi polepole baada yake. Ushauri wangu katika hali hiyo hauna utata: kilomita 50 za mwaka huu ziache. Uliza kama shindano lina umbali mfupi, wa 20 hivi, na hata huo uuamue baadaye.

Kama ni maumivu ya ukingo wa mfupa tu, nafasi ipo. Kukimbia kunaanza ukitimiza masharti matatu: unatembea haraka dakika 30 bila maumivu kwa siku tano, kubonyeza hakuumi, na unaweza kuruka kwa mguu huo mmoja mara kumi bila kusikia chochote. Anza siku moja ndiyo, moja hapana, tambarare: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara saba. Zoezi likipita bila maumivu siku hiyo na asubuhi ya pili yake, hatua inayofuata ni mbili kwa moja, kisha tatu kwa moja, hadi dakika 30 mfululizo, safari ya wiki tatu hivi. Ugoko ukiuma ndani ya zoezi, simama, pumzika siku mbili, rudi hatua moja nyuma. Baada ya hapo ongeza siku, kisha muda, kisha kupanda, kisha kushuka. Mbili kwa pamoja usiongeze. Kila wiki ya nne punguza mzigo kwa robo hadi theluthi. Sambamba na hayo, inua visigino kwa mguu mmoja, seti tatu za 12 hadi 15, siku mbili au tatu kwa wiki, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu ikichoka, mfupa ndio unaopokea kishindo.

Weka tarehe mbili za kuamua na uziandike sasa, ukiwa bado huna hamu ya siku ya shindano kichwani. Mwisho wa wiki ya nane uwe unakimbia siku nne kwa wiki, jumla ya saa kama tano, bila maumivu ya asubuhi. Mwisho wa wiki ya 12 uwe umemaliza zoezi la saa nne lenye mita 1,000 za kupanda na kushuka, ukila gramu 50 hadi 60 kwa saa, tumbo likitulia, na siku mbili baadaye uweze kushuka ngazi bila kushikilia ukuta. Ukikosa ya kwanza, hamia umbali mfupi. Ukikosa ya pili, vilevile. Wiki ya 13 fanya zoezi refu la mwisho la saa tano hivi, na wiki mbili za mwisho punguza muda huku ukibakiza siku zilezile.

Njia ya tatu, ya kungoja mwakani, usiione kama kushindwa. Kwa mtu anayehama kutoka barabarani, mwaka mmoja wa kuzoea mteremko kabla ya kilomita 50 ni mpango mzuri kuliko wiki 16 zinazohesabiwa kwa hofu, na ungekuwa unaniuliza kabla ya kulipa ada ya kwanza ningekushauri hivyo.

Zipo dalili chache ambazo hazingoji miadi. Maumivu ya kinena yanayokufanya uchechemee: acha kukanyaga kwa nguvu na ukapimwe siku hiyo. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mbio au zoezi la mteremko, misuli ikiwa imevimba na kuuma kupita kawaida: hospitali mara moja, kwani msuli ukivunjika kwa wingi huziba figo. Shavu moja la mguu lililovimba, la moto, linalouma hata umepumzika, nalo usilikande; huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali mara moja. Maumivu ya kifua au kuzimia katikati ya zoezi yana kanuni hiyohiyo.

Kabla ya wiki hii kwisha, fungua kanuni za shindano lako usome tarehe ya mwisho ya kubadilisha umbali au kuahirisha nafasi. Nyingi hufunga dirisha hilo wiki kadhaa kabla ya mbio. Kama linafungwa kabla ya wiki ya nane, basi hiyo ndiyo tarehe yako ya kwanza ya kuamua, na majibu ya ugoko uwe nayo mkononi kabla yake.